Saa tatu tu ndani ya Makumbusho ya Vatican: muangalie nini, na zile sanamu za uchi je?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanakwaya hapa Tabora mjini. Mwezi wa kumi kundi letu la parokia tunaenda hija Roma, na ratiba inasema siku ya tatu tunaingia Makumbusho ya Vatican kwa saa tatu. Mambo ya sanaa sijasoma, naogopa nitazunguka mule na kutoka bila kuelewa kitu. Alafu kuna mzee wetu mmoja kwenye kundi amesema yeye atabaki nje, eti mule ndani kumejaa masanamu ya miungu ya wapagani tena yako uchi. Ni kweli? Sisi Wakristo tunayaangaliaje? Na tukifika Sistine, kile kikanisa cha Papa chenye dari lililochorwa, tunaruhusiwa kuimba hata ubeti mmoja?

Jibu:

Marahaba dada yangu, mwangaluka. Nakujibu nikiwa huku Ujiji, nimefundisha historia miaka mingi na mahujaji nimeshawasindikiza Roma mara nne, kwahiyo nayokwambia mengi nimeyaona kwa macho yangu. Nianze na mzee maana naona ndo jambo linalowagawa. Mzee hajadanganywa. Sanamu za miungu ya Wagiriki na Warumi zimo, tena nyingi sana, na nyingi ziko uchi. Ila akibaki nje atakosa kitu ambacho kingemsaidia kuelewa hata zile picha takatifu anazozifuata, na ntaeleza kwanini, naomba umsomee hii.

Makumbusho yale yenyewe yanahesabu kuanzia sanamu moja ya kipagani. Tarehe 14 Januari 1506 kuna mtu alikuwa anachimba shamba lake la mizabibu Roma, karibu na Basilika ya Maria Mkuu, akakuta mawe yaliyochongwa chini ya ardhi. Papa Julius wa Pili akapata habari, akatuma wataalamu wakaangalie, na mmoja wa waliokwenda siku ile kuchungulia shimoni alikuwa Michelangelo, mchonga sanamu kijana wa miaka thelathini tu. Walichokikuta ni Laocoön, yule kuhani wa Troy kwenye hadithi za kale, aliyewaonya watu wake wasilipokee farasi la mbao, na nyoka wakatoka baharini wakamuua pamoja na wanae wawili. Papa akainunua, akaiweka kwenye ua wa jumba lake, watu wakaanza kuja kuiangalia. Hapo ndo makumbusho yalipoanzia.

Sasa sikia, miaka miwili tu baadae, 1508, huyohuyo Michelangelo akaanza kuchora dari la Sistine. Yaani ile misuli, ile shingo iliyogeuka, lile tumbo lililojikunja kwa maumivu, alivisoma kwenye mawe ya wapagani akaenda kuvitumia kumchora Adamu na manabii. Ukipita Laocoön bila kuangalia, ukifika Sistine unaona picha nzuri tu. Ukisimama kwa Laocoön dakika kumi, ukifika Sistine unaanza kutambua vitu, unasema aa, huyu mgongo wake nimeuona kule uani.

Mkumbushe mzee pia Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo alipofika Athene, mji umejaa sanamu, roho ilimuuma kweli, ila hakufumba macho. Alizunguka akaviangalia vitu vyao vya ibada kimoja kimoja mpaka akaona madhabahu iliyoandikwa kwa Mungu asiyejulikana, na mahubiri yake akayaanzia palepale. Asingeangalia angehubiri nini? Na tukio hilo limo mulemule makumbushoni, limefumwa kwenye zulia kubwa la ukutani. Papa Leo wa Kumi alimuagiza mchoraji Raphael achore matukio ya Petro na Paulo, vitambaa vikafumwa Brussels na vya kwanza vikatundikwa Sistine mwaka 1519. Siku hizi viko kwenye jengo la picha linaloitwa Pinacoteca. Paulo kasimama kwenye ngazi mikono yote miwili juu, na sanamu ya mungu wao imesimama palepale mbele ya hekalu, Raphael hakuificha. Dionisio na Damari wapo pia, wale walioamini. Mpelekeni mzee mbele ya kile kitambaa kwanza kabla ya kitu kingine chochote, mi nadhani ataingia na kwingine.

Kuhusu uchi, mwambie si yeye wa kwanza kusema. Michelangelo alipokuwa anachora Hukumu ya Mwisho ukutani nyuma ya altare ya Sistine, kati ya 1536 na 1541, msimamizi wa ibada wa Papa, Biagio da Cesena, alilalamika kwamba picha kama ile haifai kanisani. Michelangelo akamchora yeye mwenyewe kule jehanamu, pembeni kabisa chini kulia, na masikio ya punda na nyoka kamzunguka, mpaka leo yupo. Mjadala haukuishia hapo, baada ya Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa Kanisa, ikaamuliwa sehemu za siri zifunikwe, na mwaka 1565 mchoraji Daniele da Volterra akapewa kazi ya kuwavisha vitambaa, vingi mtaviona bado vipo. Kwahiyo ni ugomvi wa ndani ya Kanisa lenyewe wa tangu zamani, na waliosema mwili ni kazi ya mikono ya Mungu wachoreni walikuwa Wakatoliki, na waliosema wafunikeni nao walikuwa Wakatoliki. Mzee ana haki ya kuchagua upande, ila achague akiwa ameona.

Haya, hofu yako ya kutoka bila kuelewa. Dada, hofu hiyo inatokana na kutaka kuona vyote, na vyote havionekani. Njia za mule ndani ukiziunganisha zinakadiriwa kilomita 7, na watu wanaoingia kwa mwaka ni zaidi ya milioni 6. Safari yangu ya kwanza tuliendeshwa na mtu aliyeshika kibendera juu, saa mbili na nusu mbiombio, hapa kulia mnaona hiki, kushoto kile, twendeni twendeni. Nilirudi na picha kama mia mbili kwenye simu na mke wangu aliponiuliza hii ni nini nikawa sina jibu kwa karibu zote. Iliniuma sana maana hela ya safari ile tulichangishana ukoo mzima. Safari ya pili nikachagua vitu vitano tu, vingine nikapita navitazama kwa pembeni, na vile vitano mpaka leo naweza kukusimulia nimefumba macho.

Kwahiyo na we chagua. Mi ningekuwa na saa zenu tatu ningeanzia Pinacoteca, iko karibu na mlango wa kuingilia, na vikundi vingi wanairuka kwasababu haiko kwenye njia ya kwenda Sistine, mwambieni mwongozaji wenu mapema kabisa mnaitaka, msisubiri mpaka mmefika. Mkimaliza vitambaa vya Raphael, mtafuteni mchoraji Caravaggio, picha yake ya Maziko ya Yesu, aliichora kwenye mwaka 1603 hivi. Hapo simama. Usisome chochote kwanza, angalia tu. Mwili wa Yesu ni mzito, unaona kabisa Nikodemo amemkumbatia miguu na mgongo umempinda kama mtu anayeshusha gunia, na ametugeuzia uso sisi. Mkono wa Yesu umening'inia mpaka unagusa jiwe, mishipa inaonekana. Alafu sogea uangalie kitu ambacho watu wengi hawakioni, Yohane amembeba kwa juu na vidole vyake kwa bahati mbaya vimeingia kwenye kidonda cha ubavuni, kimefunguka tena. Mi nimeshabeba jeneza na nimeshasaidia kumlaza marehemu, najua mkono unavotafuta mahali pa kushika. Huyu mchoraji alijua. Na lile jiwe wanalosimama, kona yake imetokeza kama inatoka nje ya picha kukujia. Picha hii ilikuwa juu ya altare kwenye kanisa hapo Roma, kwahiyo padri akiinua Hostia, mwili uliokuwa unashushwa pale juu na Mwili anaouinua vinakutana. Ukiwa mwanakwaya unaejua mpangilio wa Misa utaelewa haraka kuliko msomi yeyote wa sanaa.

Toka hapo mkaende uani kwa Laocoön. Anaumwa na nyoka kwenye nyonga, angalia tumbo lilivoingia ndani palepale nyoka alipomng'ata, angalia na yule mtoto upande mmoja anayejaribu kujitoa nyoka mguuni huku anamuangalia baba. Mkono wa kulia wa baba ulikuwa haupo ilipochimbuliwa, mafundi wakamtengenezea mwingine ulionyooka juu, akakaa nao mamia ya miaka. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu Ludwig Pollak akauona mkono wa asili kwa fundi mawe hapohapo Roma, ukiwa umekunjwa nyuma ya kichwa, na miaka ya 1950 wakaurudishia. Tafuteni ile sehemu ulipounganishwa, inaonekana.

Kwenye ukumbi unaofuata mbele kidogo kuna kipande cha mtu wa jiwe hakina kichwa, hakina mikono, miguu imeishia magotini, kimekaa katikati. Wengi wanakipita wakidhani kimevunjika basi. Aliyekichonga ameandika jina lake kwa Kigiriki, Apollonios wa Athene. Michelangelo alikipenda mno na wataalamu wanaona kiwiliwili kile kimejirudia kwa watu wengi wa Sistine. Zungukeni nyuma yake, mgongo ndo wenyewe.

Baada ya hapo mtatembea sana. Ukumbi wa Ramani una urefu wa mita 120, ramani 40 za Italia zilizochorwa ukutani miaka ya 1580 chini ya Papa Gregori wa 13, watu wote wanaangalia dari la dhahabu, piteni taratibu ila msikae. Vyumba vya Raphael mkipata nafasi, angalieni ukuta wa Shule ya Athene, wanafalsafa wa Kigiriki, Plato ananyoosha kidole juu na Aristotle kiganja chake amekilaza kuelekea chini, wapagani wale ndani ya nyumba ya Papa, na ukuta unaotazamana nao ni Ekaristi Takatifu. Raphael alivipanga hivo makusudi. Mzee akifika hapo muulizeni anaonaje.

Sasa Sistine. Dada, kabla hujaenda fanya jambo moja, tafuta fundi anayepiga lipu hapo Tabora ukamuangalie kazini nusu saa. Muulize kwanini anamwagia ukuta maji kabla, kwanini hawezi kupaka ukuta mzima kwa mara moja, na lipu ikishaanza kukauka inakuwaje. Maana dari lile lote ni lipu. Wanaita fresko, unapaka lipu ya chokaa kipande kinachotosha siku moja tu, alafu rangi iliyosagwa na maji unaichora juu ya lipu ikiwa bado mbichi, ikikauka rangi inakuwa imeingia ndani, ni sehemu ya ukuta. Ukichelewa, imekula kwako, unabandua unaanza upya. Zaidi ya mita za mraba 500, kipande kwa kipande, kuanzia 1508 hadi 1512. Mwanzoni ukungu ukaota juu ya kazi yake kwasababu lipu ilikuwa na maji mengi, akamwambia Papa si nilikwambia hii sio fani yangu, mi ni mchonga mawe. Na hakuchora amelala chali kama watu wanavosimulia, alisimama juu ya jukwaa kichwa kimeinuliwa, aliandika mwenyewe shairi kulalamika shingo na rangi inavomdondokea usoni.

Kikanisa kina urefu wa kama mita 40 na dari liko juu zaidi ya mita 20, ni kama kuangalia kitu kwenye ghorofa ya sita. Kwahiyo beba darubini ndogo, hata moja ya kugawana watu watano. Mkiingia msigande pale mlangoni, huwa mnaingilia upande wa altare, songeni mpaka mwisho wa upande wa pili alafu mgeuke muitazame altare, hapo ndo picha za dari zinakaa vizuri machoni. Kuna benchi pembeni za ukutani, mtu akinyanyuka kaa haraka, shingo itakushukuru.

Kuna matukio 9 ya kitabu cha Mwanzo katikati ya dari. Alianza kuchora upande wa Nuhu, mbali na altare, na ukiangalia Gharika watu ni wadogo na wamebanana, kwa chini huwezi kuwatofautisha vizuri. Nusu ya kwanza ilipofunuliwa mwaka 1511 ikaonekana kutokea chini, na upande wa pili, kuelekea altare, watu ni wakubwa na wachache. Mlinganishe mwenyewe Gharika na Kuumbwa kwa Adamu. Hiyo tofauti naipenda kuliko kitu kingine mule ndani maana unamuona mtu anajifunza kazi akiwa juu yako. Na ukifika kwa Adamu usiangalie vidole tu vya kwenye fulana na kalenda, angalia mkono wa Adamu ulivolegea, umelala juu ya goti, kiganja hakina nguvu bado, na wa Mungu umenyooka kabisa. Havijagusana. Weka darubini kwenye ile nafasi iliyobaki, ukae hapo kidogo.

Pembeni kuna manabii 7, Yeremia amejishika kidevu ana majonzi, huyo usimkose. Na katikati yao wapo wanawake watano, hao ni watabiri wa kipagani, mmoja wao anaitwa wa Libya, amegeuka kushika kitabu kikubwa. Kanisa liliwaweka kwasababu liliamini hata mataifa walidokezwa habari za ujio wa Kristo. Sasa fikiria, mwezi wa tano 2025 makardinali 133 walifungiwa mulemule kumchagua Papa Leo wa 14, na mmoja wao ni Kardinali Protase Rugambwa, askofu mkuu wenu wa Tabora, ambaye na sisi Kigoma tunamdai maana alianzia uaskofu huku kwetu. Alipiga kura akiwa mbele ya ile Hukumu ya Mwisho, na wale wanawake wa kipagani wako juu ya kichwa chake. Mi hilo nikilikumbuka nikiwa pale nasisimka.

Kuimba hapana. Ndani ya Sistine ni kimya, walinzi wanakemea hata mnong'ono ukizidi, na picha za simu pia marufuku, hata ukibana bana watakuona. Zimeni simu mziweke mfukoni, ni nafuu kwenu. Kama kwaya inataka kuimba, mwambieni padri wenu aombe mapema nafasi ya Misa kwenye mojawapo ya altare za Basilika ya Mtakatifu Petro, hapo mtaimba kwa haki yenu.

Kitu kingine ambacho wenzetu wengi hawaambiwi, kuna sehemu inaitwa Anima Mundi, ni vitu vya watu wa mabara mengine ikiwemo Afrika. Ilitokana na maonyesho makubwa ya kimisionari aliyoyafanya Papa Pius wa 11 mwaka 1925. Kama imefunguliwa siku hiyo piteni hata robo saa, muangalie kwa jicho lilelile, kimechongwaje na mti gani na kilikuwa kinafanya kazi gani kwa waliokichonga, maana hicho nacho ni kitu cha ibada cha watu.

Ya kawaida haraka haraka. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume wasivae bukta, kitenge kimoja kwenye mkoba kinamaliza kila kitu. Mabegi makubwa na miamvuli mirefu mnaacha kwenye chumba cha mizigo, hawatozi. Mlango uko Viale Vaticano, treni ya chini mnashuka Ottaviano au Cipro. Jumapili wanafunga, isipokuwa ya mwisho wa mwezi ambayo ni bure na foleni yake ni balaa, epukeni. Mara ya mwisho mtu mzima ililipwa yuro 20, na ukibuku mtandaoni yuro 5 juu yake, bukuni, na chukueni saa ya asubuhi ya kwanza kabisa, ile foleni ya wasiobuku mi nimeiona inazunguka kona ya ukuta.

Na mazoezi anzeni sasa hivi huko Tabora. Jumamosi moja nendeni kanisa kuu la Mtakatifu Theresa, kila mtu achague kituo kimoja tu cha Njia ya Msalaba akiangalie dakika kumi bila kusali na bila simu, nani ameshika nini, nani anamtazama nani, mwanga unatoka wapi, alafu mwelezane. Dakika ya tatu mtachoka, ya sita mtaanza kuona. Jumamosi nyingine nendeni Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, msimame mbele ya ule mlango wa kuchongwa mfanye hivohivo. Macho nayo yanafundishwa kama sauti, we mwanakwaya unalijua hilo.

Mwisho, mkiwa mnatoka Sistine kuna mlango wa kulia unaoteremka moja kwa moja mpaka Basilika ya Mtakatifu Petro. Huwa ni wa vikundi vyenye mwongozaji, na kuna siku wanaufunga. Muulizeni mwongozaji wenu asubuhi kabla hamjaingia, kama hauko wazi basi mtarudi mpaka mlango wa mwanzo na kuzunguka ukuta wote wa nje kwa miguu, kwahiyo mwambie mzee aache viatu vipya Tabora, avae vile alivyovizoea.